Nukta Tatu za Dada

Mtu akitaka kuchorwa simba begani aende kwa fundi yeyote. Kwangu wanakuja walioharibikiwa: mwanamume mwenye jina la mke wa kwanza mkononi na wa pili anamsubiri nje, msichana aliyeomba kipepeo akapewa kitu chenye sura ya popo. Mimi nachora tatuu juu ya tatuu. Nikimaliza kufunika, hata mimi mwenyewe siwezi kukuonyesha ya zamani ilikuwa wapi. Nimejipiga kifua kwa maneno hayo miaka kumi na mmoja, na wateja wangu wananiita Sindano.

Dada yangu ni mwalimu wa udereva. Nusu ya madereva wa mji huu wamepita mikononi mwake, na sauti yake ni ya mtu aliyezoea kusema "breki" mara moja tu. Mama alipofariki nilikuwa na miaka tisa, akanilea yeye. Siku niliyofungua studio aliniambia, "Ngozi ya mtu si ukuta wa choo," na tangu hapo hakuwahi kukanyaga kwangu. Sikukuu tulikula pamoja, kazi yangu haikutajwa.

Kwa hiyo asubuhi ile ya Jumamosi alipoingia, niliangusha glavu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Funga mlango."

Nikafunga. Akaketi kwenye kiti cha wateja, akafungua kifungo cha juu cha blauzi, akanielekeza kwa kidole. Katikati ya kifua palikuwa na nukta nyeusi, ndogo kama ncha ya kalamu. Akainua mkono wa kushoto: nyingine ubavuni, chini ya kwapa. Ya tatu upande wa kulia.

"Nani kakuchora hizi?"

"Mtu."

"Mtu gani?"

"Nilitaka kujaribu, nikaghairi. Sasa zifunike."

Damu ilinipanda. Miaka kumi na mmoja hataki kuniona na mashine mkononi, halafu siku anayopatwa na hamu ya kuchorwa anakwenda kwa mwingine! Tena mwingine mwenyewe hajui kazi. Wino ulikuwa wa hovyo, moja imechomwa juujuu, nyingine imezama mno. Nilimwambia fundi huyo anyang'anywe sindano apewe jembe. Dada akacheka, lakini kidogo tu.

Wivu ni kitu cha ajabu, unaziba macho yote mawili. Kila mteja wangu hujaza fomu kabla sijawasha mashine: una kisukari, una presha, unatumia dawa gani, unatibiwa ugonjwa gani. Nimewahi kumfukuza mtu mzima aliyekataa kuijaza. Dada sikumpa. Aliyekuwa akisaini ripoti zangu za shule, leo nimpe yeye karatasi ajieleze kwangu? Niliona ni utovu wa adabu. Na kazi yoyote ya kufunika huwa naipiga picha kwanza. Nukta tatu? Nilijiona mkubwa mno kupiga picha nukta tatu.

Nikamchorea mmea wa kutambaa, wa majani mapana, unaoshuka katikati ya kifua, na mashada mawili ya maua mbavuni. Alijifunga shuka maziwani akaishikilia kwa mkono kama mlinzi wa lango, nami kwa heshima sikuinua macho pasipohusika. Kazi ilichukua saa tatu na nusu. Hakulalamika. Aliuliza jambo moja, mara mbili.

"Hata mtu akitafuta kwa taa?"

"Hata kwa darubini, dada."

"Vizuri."

Alipoondoka nilikuwa na furaha ya kitoto. Nilisema moyoni, hatimaye dada amenikubali.

Wiki tatu baadaye, Jumanne, simu ikaita. Sauti ya mwanamke ikaniuliza kama mimi ni mdogo wake mwalimu wa udereva, kisha kama niko mbali na hospitali kuu. Moyo ulinipasuka. Nilijua tu, siku moja mwanafunzi atakanyaga mafuta badala ya breki. Nilimwacha mteja na nusu ya samaki mgongoni, nikakimbia.

Walinielekeza chini kabisa, kwenye korido isiyo na dirisha. Mwishoni palikuwa na mlango mnene kama wa benki, na mbele yake mwanamke kijana aliyevaa nguo za kijani.

"Dokta, kavunjika wapi?"

"Mimi si daktari, ni mtaalamu wa mionzi. Hajavunjika popote." Aliniangalia mikononi, ambako nimejichora mpaka vidoleni. "Wewe ndiye uliyemchora?"

Akanipeleka ndani. Dada alikuwa amelala chali kwenye kitanda chembamba cheusi, mikono juu ya kichwa, gauni la hospitali limefunuliwa kifuani. Juu yake palikuwa na mashine kubwa kuliko gari lake la kufundishia. Kutoka ukutani mistari myembamba ya mwanga mwekundu ilimpita mwilini ikikatana juu ya majani yangu.

"Nukta zangu ziko wapi?" mtaalamu aliniuliza.

"Nukta zako?"

"Tatu. Nilizichoma mimi mwenyewe. Mwanga huu lazima ukae juu ya zile nukta, mgonjwa alale vilevile kila siku, mionzi iingie palepale palipopimwa. Bila nukta sijui napiga palipo na ugonjwa au napiga moyo wake."

"Ugonjwa gani?"

Yule mtaalamu aliniangalia, akamwangalia dada, na nikaona anaelewa kwamba mtu huyu hajaambiwa kitu.

"Kansa," alisema dada akitazama dari. "Ya titi. Walishanipasua wakatoa uvimbe. Hii ni ya kumalizia."

Nilisikia neno lile nikalisikia tena, kana kwamba alikuwa akilirudia, lakini alilisema mara moja tu. Nilishika ukingo wa kitanda, nikajaribu kukumbuka lini alipasuliwa, na nikakumbuka kwamba kuna mwezi aliniambia amekwenda semina ya walimu wa udereva. Mimi nilimtakia safari njema.

"Nionyeshe," mtaalamu alisema. "Hata kwa kukisia. Ilikuwa hapa? Au hapa? Nataka kwa milimita."

Niliinama. Nilipitisha kidole kwenye shina, kwenye jani la kwanza, la pili. Kila kivuli nilikiweka mimi na sikukitambua hata kimoja. Mbavuni vilevile. Jasho lilinidondokea. Kazi niliyojivunia maisha yangu yote ilikuwa mbele yangu, safi, haina kasoro, na nilitamani ningekuwa fundi mbovu kuliko wote duniani.

"Sioni," nilisema.

"Hukupiga picha?"

"Sikupiga."

Mtu akikosa pa kuficha aibu yake huigeuza hasira. Nikamgeukia yule binti wa watu. Kwa nini hamkumwambia? Mnamchoma mtu wino mwilini bila kumweleza? Mnadhani watu ni ng'ombe wa mnada? Aliniacha nimalize. Kisha akafungua faili, akanionyesha karatasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwamba alama zisiguswe wala kufunikwa mpaka matibabu yaishe, na kwamba mgonjwa ameelezwa na ameelewa. Chini palikuwa na sahihi ya dada.

Nilipigwa na butwaa. "Dada. Ulijua?"

"Mwambie huyu atupishe kwanza."

Mtaalamu alisema anakwenda kumpigia simu daktari, akatuacha. Dada akaketi, akajifunika gauni.

"Mama hakufa kwa moyo," alisema.

"Nini?"

"Ulikuwa mdogo, tukakwambia moyo. Ilikuwa hiihii. Nilikuwa nampeleka mimi, wiki sita, kwenye mlango kama huu. Kila siku alinishika mkono, wakaniambia niachie, mlango ukafungwa. Ngozi ilimbabuka mpaka akawa hawezi kuvaa nguo. Halafu akafa vilevile." Alikuwa akizungumza kama anayeeleza alama za barabarani. "Siku waliponichoma zile nukta nililala hapo, nikasema sirudi."

"Si ungewaambia tu hutaki?"

"Nani, mimi? Kila anayenijua ananiita jasiri. Daktari ananiita jasiri. Nilitaka waseme wao kwamba haiwezekani. Nije siku yangu, nilale, mashine inikatae, niende zangu nyumbani bila kumkatalia mtu."

"Na mimi je?"

"Wewe ndiye niliyekuwa na uhakika naye. Nilijua ukifunika wewe hakuna atakayeziona."

Hiyo ndiyo sifa ya kwanza dada yangu kuipa kazi yangu tangu nishike mashine. Nikaificha mikono yangu nyuma.

Nilipiga kelele. Sijawahi kumpandishia dada sauti, siku ile niliipandisha mpaka koo likawasha. "Mficha maradhi kifo humuumbua! Nawe umeyaficha kwa wino wangu! Ungekufa, dada, ungekufa na mimi ningekaa msibani najisifu jinsi majani yalivyotoka vizuri! Umenifanya nikuue kwa mkono wangu mwenyewe!"

"Punguza sauti, kuna wagonjwa."

"Wewe ndiye mgonjwa!"

Sidhani kama aliwahi kulifikiria hilo upande wangu. Uso wake ulibadilika, akaanza kulivuta lile gauni kana kwamba ni fupi.

Mtaalamu alirudi akabaki mlangoni. Alisema mambo bila kupamba. Ngozi imepona, hiyo ni bahati. Watampiga picha upya kesho saa mbili na kuchoma alama mpya mahali ambapo mimi sijapaka kitu, hata kama ni padogo. Hesabu za mashine zitafanywa upya, wiki nzima. Tangu upasuaji muda mwingi umepita na daktari hataki upite zaidi, maana kama kuna chembe zilizobaki, hazisubiri mtu.

"Lakini lazima akubali yeye," alisema. "Hapa mtu halazwi kwa nguvu." Kisha akamsogelea dada; bila shaka alikuwa amesikia habari za mama. "Mama yako alipoletwa ugonjwa ulikuwa umefika wapi?"

"Mgongoni. Na kwenye ini."

"Wako umetolewa. Tunafagia pale ulipokuwa."

Dada alichukua mkoba wake, akaenda kubadilisha nguo, akapita mbele yetu kama abiria aliyeshuka kituo kisicho chake. Nilimfuata hadi kwenye gari. Nilimwambia asipokuja kesho nitakaa mlangoni kwake.

"Utanyeshewa," alisema, akaondoka.

Kesho yake saa moja unusu nilikuwa kwenye benchi la korido. Saa mbili ikafika. Saa mbili na robo mtaalamu akachungulia, akanitazama, akarudisha kichwa. Niliomba Mungu kwa namna ya mtu asiyeomba mara nyingi, yaani kwa ahadi nyingi zisizotekelezeka. Saa tatu kasorobo nikasikia hatua. Dada alikuja na mama mmoja mnene anayetokwa jasho, ameshika funguo za gari kwa mikono miwili.

"Mwanafunzi wangu," dada alisema. "Amenileta yeye. Mikono yangu leo haifai."

"Tumezima gari njiani mara saba," yule mama aliniambia, bado anahema.

Baada ya kupigwa picha, mtaalamu aliniruhusu niingie wakati wa kuchoma alama. Alitafuta ngozi tupu kwa muda mrefu. Chini ya jani la mwisho alipata nafasi pana kama kidole, akaipima, akaipima tena, kisha akadondosha tone la wino mweusi na kuchukua sindano. Aliishika kama mtu anayetoa mwiba. Kwingine kokote ningemnyang'anya.

"Tulia, mama," alimwambia.

Dada alinyoosha mkono bila kunitazama. Nikaushika. Ulikuwa baridi; mkono huu umekamata usukani kutoka kwa watu waliokuwa wakienda moja kwa moja mtaroni.

"Naogopa," alisema.

Katika miaka yote aliyonilea sijawahi kumsikia akilitamka neno hilo.

"Hata mimi, dada."

Akaubana mkono wangu mpaka pete yake ikaniuma, na mtaalamu akatuomba sote wawili tuache kutikisika.