Mizigo Isiyotuliwa

"Jiwe la kusema 'walihama' mimi silitaki," Genowefa alirudia kwa mara ya tatu, na Roswitha akamjibu kwamba kichwa chake ni kigumu kuliko jiwe lenyewe. Walikuwa uani, nyumba ya mwisho kabla ya mto Nysa, upande wa Poland. Fundi Wit alikalia ndoo akingoja neno la kuchonga kwa Kijerumani na Kipolandi. Jiwe hilo, la kuwakumbuka watu waliotolewa makwao baada ya vita, lilitakiwa kwenye sherehe darajani kesho asubuhi.

Roswitha, Mjerumani, alizaliwa katika nyumba hiyo, upande huo ukiwa bado Ujerumani. Mwaka 1946, Roswitha akiwa na miaka saba, mama yake Frieda alipewa nusu saa afunge mzigo na kuvuka mto. Ng'ambo, upande wa Ujerumani, shuleni walifundishwa kusema "tulihama", naye akaendelea kusema hivyo, kwani neno hilo halikumgombanisha na mtu. Genowefa alikuwa ameingia nyumba hiyo mwaka uliotangulia, akiwa mchanga kifuani mwa mama yake, Stefania. Mpaka ulikuwa umechorwa upya, kijiji chao cha mashariki kikawa cha Wasovieti, na wao wakapewa karatasi iliyosema wanarudishwa kwao, mahali ambapo hawakuwahi kupaona. Stefania hakuwa na maziwa. Familia mbili zilikaa humo pamoja msimu mzima wa baridi, na Frieda akamkamulia mtoto mbuzi wake.

"Niko hai kwa sababu ya mama yako," Genowefa alisema. "Siwezi kuandika uongo juu yake, hata ukinuna."

"Nani kanuna? Unatafuta ugomvi na wageni kwenye sherehe, shoga."

Saa tano Frieda akaingia getini. Alikufa mwaka sabini na moja, akazikwa ng'ambo, lakini kila Ijumaa huja kupika. Stefania alifuata kutoka makaburi ya kanisani, dakika chache baadaye, maana tangu uhai wake alikuwa mchelewaji. Wote wawili walikuwa na mizigo mgongoni. Walinawa mikono. Frieda akawasha jiko, kwa sababu lile jiko halimsikii mtu mwingine, na Stefania akasukuma unga wa pierogi, vijisambusa vya kuchemsha vinavyojazwa viazi. Hawana lugha moja. Huelekezana kwa vidole na kucheka.

Genowefa akamvuta Roswitha hadi dirishani.

"Mwambie mama yako atue mzigo, apike kwa raha."

Roswitha akamwambia. Frieda akajaribu, kwa adabu, kama anavyojaribu kila anapoombwa. Kamba hazikufunguka. Stefania naye akajaribu yake, ikawa vilevile.

"Angekuwa amehama, angeshafika akautua," Genowefa alisema. "Na wangu aliyerudishwa kwao, mtazame."

Roswitha alitazama mpaka viazi vikachemka. Kisha akamshukuru Genowefa, kwa sauti ya kawaida, kwa kuwaachia mama hao jiko miaka yote hiyo bila kuombwa. Akarudi kwa Wit, akamwambia aandike "walifukuzwa", wote, kwa lugha zote mbili.

Wit alisema neno hilo ni refu.

"Basi anza sasa hivi," Genowefa alimwambia.

Wit akashika patasi. Herufi ya kwanza ilipokamilika, Frieda alichungulia dirishani, mzigo mgongoni, akauliza kwa ishara wangapi watakula. Roswitha akamwonyesha vidole vitano.