Watu Kumi na Mmoja wa Ukumbi wa Nne

Jumatatu moja ya Desemba 2015, saa nane mchana, Delfina aliingia Ukumbi wa Nne wa jumba la sinema na ufagio na mfuko wa taka, akakuta hakuna cha kufagia. Ijumaa iliyotangulia ukumbi huo ulijaa hadi watu wakakaa kwenye ngazi. Filamu ya Kihindi iliyotangazwa mwaka mzima, ya mfalme na vita na tembo mia mbili, ilikuwa imefika Buffalo, Marekani, siku moja na ilipofika Mumbai. Familia zilivuka kutoka Kanada kuja kuiona. Zilitoka kimya, zimebeba watoto waliolala. Kufikia Jumapili kila mtu alikuwa amemwambia mwenzake asijisumbue.

Lakini mkataba ulisema ionyeshwe mara nne kwa siku kwa wiki mbili, kwa hiyo ilionyeshwa.

Delfina alikuwa akifuta viti vya mbele wakati kijiji kilipokuwa kikiungua kwenye skrini. Magazeti yalikuwa yameusifu sana moto huo, yakasema unaonekana kama wa kweli. Yeye hakuutazama. Akiwa na miaka minane, huko Burundi, kabla ya maisha ya kambi ya wakimbizi Tanzania, alitolewa kwa dirisha la nyumba iliyowashwa moto huku imefungwa kwa nje. Tangu hapo akiona moto mkubwa huangalia chini. Ndiyo maana aliona miguu kwanza. Miguu ishirini na miwili, peku, ilishuka kutoka kwenye skrini na kukanyaga zulia bila haraka.

Walikuwa wanaume wanane na wanawake watatu, nguo zao zikifuka moshi. Wakakaa safu ya tatu. Mwanamke mwenye bangili za kioo akasema, "Pani."

Delfina alilijua neno hilo. Katika kibanda cha video cha kambini alikuwa ameona filamu za Kihindi za kutosha kujua kuomba maji, kuapa na kuachwa na mchumba. Mtu akiomba maji hupewa. Aliwaletea kwenye vikombe vya soda. Walikunywa, mvuke ukawatoka puani.

Alikwenda kumweleza meneja, bwana mpole aliyeitwa Wojcik.

"Safu ya tatu?" Wojcik aliuliza, macho kwenye kompyuta. "Makao makuu wametuandikia asubuhi. Wapo kila mahali inapoonyeshwa. Tusiwauzie bisi."

Jioni alimpigia simu kaka yake Donati, aliyekuwa msafishaji wa sinema mjini Louisville.

"Hapa pia wapo kumi na mmoja," Donati alisema. "Mwenye bangili anaomba maji. Na Columbus wapo, nimeambiwa na mtu wa kanisani."

"Haohao?"

"Haohao, saa ileile. Usiwaguse, Delfina. Mimi mmoja alinishika mkono na bado unauma."

"Wanataka nini?"

"Sikukaa kuuliza. Nimeomba nihamishiwe vyooni."

Delfina hakuwa na pa kuhamia. Kila onyesho, moto ulipokaribia, watu wale walisimama na kurudi ndani ya skrini mmoja mmoja, kama wanaoitwa kazini. Baada ya dakika sita walitoka tena, moshi umezidi. Wiki ya pili yule mwanamke aliacha kuomba maji. Alimwonyesha skrini kwa kidole, akasema, "Dekho." Tazama.

"Siwezi, mama," Delfina alimjibu kwa Kiswahili, akatoka na ndoo yake.

Alhamisi, siku ya mwisho, onyesho la saa tisa alasiri, mwanamke alisema tena neno lile. Delfina aliuegemeza ufagio ukutani, akakaa safu ya tatu. Alishikilia kiti kwa mikono miwili, akatazama.

Wanakijiji walikimbilia ghala la nafaka, kama hadithi ilivyotaka. Mlango ukafungwa kwa mnyororo, kama hadithi ilivyotaka. Kisha moto ukapanda upande ambao haukupangwa. Mtu mmoja dirishani alitazama moja kwa moja kwenye kamera, akapunga mikono yote miwili kama anayesimamisha gari. Pembeni, kivuli cha mtu aliyeshika kipaza sauti kilisogea hatua moja, kikasimama. Mlango haukufunguliwa. Kamera haikuzimwa. Muziki ulipandishwa juu ya sauti zao. Ijumaa ile ya kwanza watu mia tatu walikuwa wametazama jambo hilohilo na kupiga makofi. Ndiyo sehemu pekee waliyoipenda.

Majina yalipopita mwishoni, waliowalisha tembo walitajwa. Hawa hawakutajwa.

"Walikufa kweli," Delfina alimwambia Wojcik. "Walifungiwa."

"Nadhani ni kweli," Wojcik alisema. "Lakini inaondoka leo. Hakuna aliyeiona, Delfina."

Katika kituo cha polisi afisa aliandika jina lake, akauliza filamu ilipigwa wapi, akasema huko si eneo lao. Wiki hiyohiyo kampuni iliyoitengeneza iliwaomba radhi mashabiki kwa kuwa hadithi ilikuwa ndefu mno.

Delfina alipotoka kituoni, watu wale kumi na mmoja walikuwa wakimngoja kando ya barabara. Walipanda naye basi la kwenda mtaa wa West Side, na dereva akaongeza kasi ya feni. Nyumbani, mumewe Samsoni alikuwa ndiyo kwanza anavua viatu vya kazini.

"Wageni," alisema.

"Ndiyo, Baba Florida."

"Wanakaa?"

"Nadhani wanakaa."

Samsoni akaenda kwa jirani yao Spés kuazima viti. Aliporudi theluji ilikuwa imeanza, akashika kitasa ili afunge mlango. Watu wote kumi na mmoja walisimama kwa pamoja. Delfina naye alisimama. Samsoni aliwatazama wao, akamtazama mkewe, kisha akakiachia kitasa.

Majira yote yale ya baridi milango ya mbele na ya nyuma ilikaa wazi. Theluji iliingia hadi chini ya meza. Mwenye nyumba aliandika barua mbili, na Delfina alizisoma akiwa amevaa koti, mgongo ukutani, huku akiutazama mlango usije ukasukumwa na upepo ukajifunga.