Vitabu Vitatu na Uso wa Bergljot

Ragnfrid alikuwa na hasira na kitabu. Si hasira ya kukichana, maana kilikuwa mali ya maktaba, bali ile ya kukibwaga mezani kwa kishindo mpaka mkutubi akurupuke.

"Kimekukosea nini?" aliuliza mkutubi huyo, Gunnvald. Walisoma darasa moja zamani, na tangu enzi hizo hajawahi kuacha kumchokoza.

"Kinasema usimpige mtu picha mchana, jua linamharibu uso. Saa kumi na mbili asubuhi, kinasema, ndiyo nuru ya dhahabu. Basi wiki nzima nimemburuta jirani yangu na mbwa wake hadi bandarini saa kumi na mbili kamili. Picha mia mbili, zote nyeusi tii! Mbwa ndiye haonekani kabisa."

Gunnvald alicheka hadi akavua miwani. "Wewe mwanamke, hii ni Februari! Jua letu, lililofichika tangu Novemba, limerudi juzijuzi tu, maandazi ya kulipokea bado yako tumboni, halafu unalitafuta saa kumi na mbili?"

"Nilijua ni giza. Lakini kitabu kilikuwa na uhakika mno."

"Aliyekiandika anaishi kusini huko, jua linamwamsha kitandani. Huku kwetu kaskazini saa sita mchana ndiyo alfajiri, tena ndiyo jioni."

Ragnfrid alitaka kucheka naye lakini hakuweza. Zilibaki siku tisa. Baba yake, Hilmar, na mama yake, Bergljot, walikuwa wanatimiza miaka hamsini ya ndoa, na katika mji ule kila wanaofikisha hamsini hutolewa picha gazetini. Hilmar aliisubiri siku hiyo kwa hamu kuliko alivyosubiri pensheni. Tatizo lilikuwa Bergljot. Miaka thelathini nyuma aliamka asubuhi moja, upande wa kushoto wa uso umelegea, mdomo umeshuka, kope imeinama. Ulirudi kidogo tu. Tangu siku ile kamera ikitolewa, yeye hukumbuka kahawa jikoni. Ukifungua albamu za familia hiyo unamwona Bergljot kama mkono ulioshika birika, basi.

Safari hii alikubali, kwa masharti. Apigwe picha na binti yake, si mgeni. Tena mara moja tu. Ikitoka mbaya, gazeti lipewe picha ya harusi na asisumbuliwe tena mpaka kufa. Ragnfrid alimjua mama yake, neno lake halirudi nyuma. Na Ragnfrid mwenyewe alikuwa na hamu ya kuupiga picha uso ule. Alikuwa na miaka arobaini na minane, anapakia samaki kiwandani, na hakuna kitu alichokitamani kama hicho.

"Njoo," alisema Gunnvald, sasa bila mzaha. Alimpeleka kwenye rafu ya upigaji picha na kuchomoa kitabu kinene chenye karatasi za kumetameta. "Funika maneno kwa kiganja. Tazama picha tu. Mwanga unatoka wapi?"

Ragnfrid alikodoa macho. "Sijui."

"Ondoa mkono, usome."

Alisoma. Maelezo yalitaja lenzi, bei ya lenzi na ubora wa lenzi. Kuhusu mwanga, kimya.

"Kirudishe. Hicho ni cha kukuuzia kamera." Akampa cha pili, ambacho angalau kilijibu, lakini kila jibu lilidai taa tano, miavuli na chumba kikubwa kama ukumbi wa mazoezi. Nacho kikarudi. Cha tatu kilikuwa chembamba, jalada limelowa maji na kukauka vibaya. Ndani, pembeni mwa kila picha nzuri palikuwa na picha mbovu ya mtu yuleyule, na mchoro wa chumba: hapa dirisha, hapa kiti, hapa unasimama wewe.

"Mwandishi anayekuonyesha alivyoharibu, huyo anakufundisha," alisema Gunnvald. "Wengine wanajisifu tu. Na usianze na mama yako. Anza na kiazi."

Alianza na kiazi. Alikitafuta chenye bonde upande mmoja, akakiweka mezani karibu na dirisha, akakizungusha kila mchana jua linapochungulia mlimani. Mwanga ukija wa mbele, bonde lilijianika lote. Ukija kutoka upande wa pili, bonde lilizama kivulini, kiazi kikaonekana kizima. Akiweka kifuniko cheupe cha boksi la samaki upande wa giza, kivuli kililainika. Siku ya sita alijikuta anakitazama kiazi kwa mapenzi, akajionea aibu.

Jumamosi, saa sita kasoro, wazee walikuwa sebuleni wamevaa mavazi yao ya kimila, bizimu ya fedha imesuguliwa kifuani mwa Bergljot. Pazia jeupe jepesi lilikuwa limeshushwa dirishani.

"Miaka hamsini namtazama huyu," alisema Hilmar, "leo naambiwa nitazame kamera!"

"Nyamaza, utanichekesha," alisema Bergljot kwa sauti ya mtu anayesubiri sindano. "Nikae vipi, mwanangu?"

Ragnfrid alimkalisha shavu la kulia likielekea dirishani, Hilmar nyuma yake, mkono begani. Kifuniko cha boksi alikiacha sakafuni makusudi, ili kushoto kubaki kivulini. Akapiga.

Bergljot alivaa miwani na kuipokea kamera. Aliitazama ile picha kwa muda mrefu.

"Upande wangu mwingine uko wapi?"

"Upo, mama. Kivulini."

"Umeuficha."

"Nilidhani ndivyo unavyotaka."

"Ndivyo nilivyotaka." Aliisogeza picha karibu zaidi na macho, akapitisha kidole juu ya lile shavu lenye mwanga, mikunjo yake yote ikiwa pale, hakuna uliotiwa chumvi. "Mbona mwanga wenyewe ni mpole hivi? Miaka yote hii nilidhani kamera zote zina ukali."

Akairudisha kamera mikononi mwa binti yake na kuinuka. Hakuomba msaada. Alikishika kiti mwenyewe, akakigeuza kikaangalia upande wa pili, akaketi tena, shavu la kushoto likielekea dirishani.

"Mama, ulisema mara moja tu."

"Nimesikia nilichosema. Piga, jua halitungoji. Hii ndiyo iende gazetini." Akapapasa nyuma yake akitafuta mkono wa mumewe. "Hilmar, hamia huku. Huu upande nao umeolewa."

Hilmar alihama, na Ragnfrid akapiga.