Protini ya Binadamu

Kila maulidi mama humpa Mardhiya mwiko wa pilau, na mdogo wake Shufaa humenya vitunguu huku kijicho kikimla. Leo Mardhiya, anayefanya kazi maabara hapa Bagamoyo, kasimulia kwamba siku hizi wanafanyia utafiti protini ya binadamu.

"Ya binadamu?" mama akashtuka. "Nani huyo katolewa nyama?"

"Hajatolewa mtu, mama. Bakteria ndio wanaoitengeneza, tukishawatia jeni ya binadamu."

"Basi hugusi pilau ya watu kwa mikono hiyo. Shufaa, wewe si unasoma sayansi? Ni kweli haya anayosema?"

Shufaa alijua ni kweli, walishafundishwa darasani. Akamtazama dada yake, aliyekuwa akimngoja amtetee.

"Mie sijui, mama," akasema, akainuka kwenda kunawa mikono.