Dawa ya Baada ya Kula

Khavere alikificha kile kikopo cha vidonge vya usingizi mahali ambapo hata panya wa mtaa wao wa Kware hawangekifikia. Kilikuwa ndani ya soksi, soksi ndani ya sufuria ya Krismasi, sufuria ndani ya kabati, na kabati lina kufuli. Ufunguo aliutia kwenye sidiria. Mumewe Kweyu, mwanamume aliyezoea kubeba magunia ya saruji akiimba, alikuwa amefika mahali pa kumpigia mkewe magoti kwa sababu ya robo ya kidonge.

"Mama Triza, nipe tu kile cha kesho," alimwambia. "Kesho nitavumilia."

"Kesho utasema hivyo hivyo, Baba Triza."

Mambo yalianza na mgongo. Gunia lilimtegua kwenye godauni huko Industrial Area, na mwenye duka la dawa hapo mtaani akamfungia mchanganyiko kwenye karatasi: kidonge cha njano, chekundu, na kimoja cheupe kidogo cha kulegeza misuli ili alale. Mgongo ulipoa. Kile cheupe kikakataa kuondoka. Miaka ikapita, Kweyu akawa halali bila hicho, kisha akawa hata mchana hakai bila hicho, mpaka siku moja Triza alimwita na kumwita na baba mtu akamtazama tu, kana kwamba anajaribu kukumbuka huyu ni mtoto wa nani. Siku hiyo ndipo Khavere alipompeleka kliniki.

Daktari wa pale, kijana mpole aliyeitwa Kyule, aliwaambia jambo moja ambalo Khavere alilishika kwa mikono miwili. Dawa hii haikatwi ghafla. Inapunguzwa pole pole kwa miezi, na ukiikata kwa hasira mtu anaweza kuangushwa na kifafa hata akafa. Basi kila asubuhi Khavere aliketi karibu na dirisha, akavipasua vidonge kwa wembe, pumzi ameishika, na kipande asimwachie Kweyu mpaka amwone akimeza.

Lakini mwili wa Kweyu haukuwa umekubaliana na mpango huo. Kadiri kidonge kilivyopungua, ndivyo misuli ilivyomkaza. Taya lilimuuma, miguu ilimuuma, na ule mgongo wa zamani ukakumbuka kila gunia. Khavere akarudi kwa Kyule kuuliza kama anaweza kumnunulia diklofenaki za maumivu.

"Hazigombani na hii tunayopunguza," Kyule alisema. "Lakini jaribuni panadol kwanza. Ikishindwa, basi hizo, moja asubuhi na moja jioni, siku chache tu. Na ziwe baada ya kula, mama. Zinakwangua tumbo. Akitapika kitu cheusi, kama majani ya chai yaliyobaki kwenye chujio, usimlete hapa kwangu. Mkimbize hospitali kubwa."

Khavere aliitikia kwa kichwa. Ukweli ni kwamba alikuwa ameshasikia alichokwenda kusikia, kwamba hazigombani. Mengine yaliingilia sikio hili yakatokea lile. Panadol zilishindwa siku ya kwanza, na kuanzia hapo nyumba ikawa na dawa mbili. Moja ilifungiwa kama mwizi. Nyingine ilikaa mezani karibu na jagi la maji, na mgonjwa akajichukulia kila maumivu yalipomzidi, nayo yalimzidi kutwa nzima.

Wiki ziliburuta miguu. Kweyu hakuenda kazini. Alikaa kitandani akitetemeka, jasho likimtoka, na jioni moja akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba afadhali afe, Triza apate baba mwingine. Khavere hakulia mbele yake. Alishuka ngazi zote za ploti waliyopanga, akaingia kwenye ukumbi wa chini ambapo kanisa lao lilikutana, akamkuta Mchungaji Wesonga akichomelea mguu wa kiti, maana siku za wiki mchungaji huyu ni fundi wa vyuma. Hapo ndipo alipolia.

"Mchungaji, nimechoka. Tufunge. Kanisa lote lifunge, hii kitu imtoke."

Wazo lilikuwa lake, wala asije mtu akamsingizia mchungaji. Wesonga aliuliza hata kuhusu dawa. Khavere akamweleza kwamba ile ya usingizi lazima aendelee nayo, daktari alisema ikikatwa atakufa.

"Basi anywe," Wesonga alisema. "Na za maumivu pia anywe. Dawa haivunji mfungo, dada. Mungu anajua mwili unauma."

Ulikuwa wema mtupu. Khavere alitoka pale akihisi mzigo umepungua.

Walianza Ijumaa. Mama mkwe, Nabalayo, alipanda basi kutoka Webuye kuja kumfungia mwanawe, na mama yule akifunga hata maji anayatazama kwa dharau. Triza alipelekwa kwa jirani yao Mbinya ili apate kula. Kweyu alifunga kama askari. Asubuhi alipokea kipande chake kutoka kwa mkewe, na kwa kuwa tumbo tupu liliongeza maumivu, alimimina za mezani kiganjani, akazisukuma kwa maji. Khavere alimwona. Alimwona kabisa, akashukuru kwamba angalau kuna kitu kinampa nafuu.

Jumapili mchana ukumbi ulijaa. Kweyu aliletwa mbele ameshikwa pande mbili, uso umempauka, midomo haina rangi. Ngoma ilipigwa, watu wakaomba kila mmoja kwa sauti yake. Mara Kweyu akashika tumbo, akapiga magoti, akatapika.

Vigelegele vikapaa. Katika kanisa lile, na mengine mengi kama lile, mtu akitapika wakati wa maombi ni kwamba alichokuwa amefungwa nacho kinamtoka. Wanawake walimzunguka na leso zao. Mchungaji alinyanyua mikono juu, machozi yakimtiririka. Nabalayo alimshika mwanawe mabega na kumwambia, "Toa yote, baba. Toa yote."

Khavere naye alipiga kigelegele. Alikuwa amekingoja muda mrefu na kilimtoka kabla hajafikiri. Kisha leso moja ikasogea, akaona sakafu.

Kilikuwa cheusi. Chembechembe nyeusi kwenye maji ya kahawia, kama majani ya chai anapogonga chujio kila asubuhi kwenye ukingo wa karai. Maneno ya Kyule, yale aliyodhani hakuyasikia, yakamrudia yote.

"Ni damu," alisema. Hakuna aliyesikia. Akasema tena, akavuta mkono wa mchungaji, naye mchungaji akamshika mkono akidhani ni furaha. Kweyu akatapika mara ya pili, vigelegele vikazidi. Khavere akapenya katikati ya watu mpaka kwa mpiga ngoma na kulalia ngoma yenyewe kwa kifua na mikono yote miwili.

Ukumbi ukanyamaza.

"Hiyo ni damu," alisema. "Ni zile za maumivu. Daktari aliniambia na mimi nikasahau."

"Mkamwana, usimzuie Roho," Nabalayo alisema, lakini sauti yake ilikuwa imeanza kutetemeka, kwa sababu mwanawe alikuwa amemlalia miguuni na hakuwa akiinuka.

Wesonga aliinama, akaangalia sakafu, akamwangalia Khavere. Alivua koti, akambeba Kweyu mgongoni, akatoka naye mbio.

Hospitalini daktari wa zamu alisema tumbo limechimbika vidonda na linavuja damu. Damu ya kundi lake ilikuwa imebaki chupa moja, tayari inaingia mkononi mwake, nayo haitoshi. Jamaa wajitolee. Damu yao itaingia stoo ya damu ya hospitali, na stoo itajitahidi kumtafutia mgonjwa wao nyingine.

Jamaa hawakukosekana. Kanisa zima lilikuwa limekuja, wengine kwa miguu. Walijipanga kwenye kibaraza, mikono ya mashati imekunjwa. Nesi alitoka, akafurahi kuwaona, akamwuliza wa kwanza, aliyekuwa Wesonga, swali la kawaida.

"Umekula saa ngapi?"

Wesonga akaanza kuikunjua mikono ya shati. Nesi akamwuliza wa pili, kisha wa tatu. Wote walitazama chini.

"Ni nani hapa amekula?"

"Tulikuwa tumefunga," Khavere alisema. "Tangu Ijumaa. Ni mimi niliwaomba."

Nesi aliwaonyesha geti. "Siwezi kumtoa damu mtu mwenye njaa. Ataanguka hapa niwe na wagonjwa wawili. Nendeni mkale, mnywe vitu, mpumzike kidogo, kisha mrudi. Na mfanye haraka."

Nje ya geti kulikuwa na kibanda cha chai. Wesonga alisema tu, "Baba, tunafungua. Tusamehe," na hiyo ndiyo ilikuwa sala fupi kuliko zote alizowahi kuomba. Watu walikula wamesimama, mayai na mkate. Nabalayo, ambaye umri ulikuwa umemkatalia kutoa damu, aliketi kwenye jiwe akiwamenyea wengine mayai.

"Kula, mwanangu," alimwambia Khavere, akimwekea yai kiganjani. Hakuwahi kumwita hivyo.

Mwenye kibanda akamimina chai. Alipomaliza aligonga chujio kwenye ukingo wa ndoo, na majani meusi yakaanguka karibu na viatu vya Khavere. Alifumba macho, akakishika kikombe, akanywa chai yote, ikamchoma ulimi. Akauma mkate. Haukushuka, akausukuma kwa chai nyingine.

Baadaye nesi alitokea getini na kuita, "Nani amekula?"

Khavere alikuwa wa kwanza kunyanyua mkono, mkate bado shavuni, akaenda kwake akiwa anatafuna.