Udongo Laini

Ardhi ya Juba ni mawe yaliyofunikwa vumbi. Unapiga sururu, nguvu yako yote inakurudia mabegani, na ukiinama kutazama umetoa kokoto za kujaza kiganja. Nimejenga Bungoma, nimejenga Eldoret, sijaona ardhi yenye roho mbaya namna hii.

Miezi ile ya mwisho kabla ya kura ya maoni ya Kusini kujitenga, kila kitu kilitakiwa kiishe haraka. Barabara ya lami ilitoka mjini vizuri, ikapita mbele ya mageti ya wakubwa, halafu ikakatika ghafla kwenye tope. Ofisi zisizo na wafanyakazi zilipakwa rangi. Sisi tulipewa mtaro wa maji ya mvua kule New Site. Nilimuuliza nyapara maji yakishaingia mtaroni yatakwenda wapi, akaniambia mimi ni mwashi, nijenge. Nikajenga. Kibao cha mradi kilikuwa kirefu kuliko kazi yenyewe, na chini yake akina mama walipanga madumu wakisubiri lori la maji, kwa sababu bomba la zamani la mtaa tulilivunja ili mtaro upite, na jipya halikuja. Walitutukana kwa Kiarabu cha Juba kila asubuhi. Sikuwalaumu.

Tulikuwa wengi, lakini nilioshinda nao ni wawili. Opio, Mganda wa Tororo, alikuwa mchimbaji mwenye mikono kama makoleo. Arkangelo, mlinzi wetu, alikuwa mwenyeji; vita vyote vilimkuta Juba na vikamwacha Juba.

Tulipolivunja lile bomba tulikuwa bado hatuna choo. Tulijaribu kuchimba shimo huku na huku, tukagonga jiwe kila mahali. Ndipo Opio akajaribu kando ya pale bomba lilipokuwa, na sururu ikazama kama kijiko kwenye uji. Tulishangilia. Siku hiyo tulimwita Opio injinia. Akiwa chini alirusha juu mifupa michache. Nyapara akaitazama kwa mbali, akasema ni ya ng'ombe. Ng'ombe wa Juba hufia popote, kwa hiyo hakuna aliyebisha. Mifupa ilikwenda na udongo kwenye lori. Tukaweka mbao, tukazungushia mabati, na kile choo kikawa kizuri kuliko chumba nilichokuwa nalala.

Kisha akaja Achai. Alikuwa msichana wa benki, amevaa nguo za ofisini, viatu vimejaa vumbi. Alikulia kambi ya wakimbizi ya Kakuma halafu Nairobi, na Kiswahili chake kilinikumbusha nyumbani hadi nikaweka mwiko chini.

"Habari ya kazi, mafundi. Kulikuwa na bomba la maji hapa kitambo. Mnajua lilikuwa wapi haswa?"

"Tulilitoa, madam," nikasema. "Kwani kuna nini?"

Akatueleza amesimama. Mama yake alifariki wakati wa vita, siku ambazo mtu hakuweza kutoka mjini hata kwa mazishi. Baba yake alimzika peke yake, kando ya bomba, upande wa jua linakochomoza. Hakuweka msalaba wala jiwe, alikimbia. Achai alichukuliwa na shangazi hadi Kakuma. Baba akaishia Khartoum. Sasa mzee alikuwa njiani, kwenye boti la mizigo kutoka Kosti, na alikuwa mgonjwa sana.

"Hanisumbui na kitu kingine," Achai alisema. "Si nyumba, si hospitali. Anataka tu azikwe karibu na mathe. Nimekuja kupatafuta mapema ili asifike aanze kuzungushwa."

Arkangelo akatazama choo. Udongo ule ulikuwa laini kwa sababu ulikuwa umeshachimbwa. Watu wa mjengo sisi, tunajisifu tunaijua ardhi, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza.

Opio akanyoosha mkono, akaonyesha ng'ambo ya mtaro, mbali na choo. "Ilikuwa pale, madam. Pale kwa hiyo nyasi."

Achai alivuka akaenda kusimama pale. Aliokota mawe yetu ya ujenzi, akayapanga mstari mrefu wa kimo cha mtu, akalia kidogo, akaja kutushukuru mmoja mmoja kwa mkono. Mkono wangu ulikuwa na simiti, hakujali.

Alipoondoka nilimrukia Opio. "Kwa nini umemdanganya mtoto wa watu?"

"Wewe ungesema nini? Mama yako iko chini ya choo? Bado hajafika mbali. Mwite, umwambie."

Sikumwita. Nilimtukana Opio hadi jioni kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kutukana. Nyapara alikuwa ameshaondoka na gari lake.

"Mafi faida," Arkangelo alisema. "Haina faida. Mifupa ilienda na lori. Hiyo lori, nani iko najua ilimwaga wapi?"

Boti lilipotia nanga bandarini, watu walishuka na vitanda, mabati, na milango ya nyumba walizoziacha kaskazini. Achai alimleta baba yake moja kwa moja kutoka huko. Alikuwa mzee mrefu aliyekonda, amevaa suti iliyopigwa pasi kwa ajili ya safari, fimbo mkononi. Aliyatazama yale mawe ya binti yake. Akageuka akatazama jua, akatazama mlima wa Jebel, akatazama njia ya mtoni, akarudi kwenye mawe. Achai alimuuliza kitu kwa lugha yao. Akamwambia jambo lingine.

"Mafundi, mzee anaomba choo," Achai akasema. "Mnaweza kumsaidia?"

Opio alimwongoza. Nilitamani ardhi inimeze. Mzee alifika mlangoni akasimama, akatazama tena mlima, akatazama tena njia. Kisha akaweka kiganja juu ya bati, akakiacha hapo, kama mtu anayepima homa ya mgonjwa. Hakuingia. Alijikokota na fimbo yake hadi nyuma ya rundo la kokoto, mahali penye wapita njia, mtu wa heshima zake, mgonjwa, akajisaidia hadharani. Wanawake wa madumu waligeuza nyuso.

Aliporudi alikwenda kwa binti yake, akayagusa mawe kwa fimbo, akasema neno moja. Achai akamkumbatia akilia na kucheka. "Amesema ni hapa," alitwambia. "Amepajua!"

Wakati wa kuondoka mzee alipita karibu nasi. "Malesh, baba," Opio akamwambia kwa sauti ya chini. Nisamehe.

Mzee alimtazama. "Kalas," akasema. Imekwisha.

Kesho yake tulikifukia choo. Nyapara alipiga kelele. Arkangelo akamwambia kuna nyoka.

Mzee hakufika siku ya kupiga kura. Achai alikuja mwenyewe kutuomba tumchimbie baba yake kaburi, kando ya yale mawe, kwa kuwa ndisi tuliomtunzia mahali pake. Alisema hivyo, na tulishindwa kumtazama. Tulianza asubuhi kabla ya jua kuwa kali. Palikuwa jiwe tupu. Sururu zilitoa cheche, mpini mmoja ukavunjika, na kila pigo lilituambia kwamba hapa hajawahi kulazwa mtu tangu dunia iumbwe. Mchana tulikuwa bado hatujafika kiunoni.

Achai alituletea soda. Alisimama ukingoni akachungulia, akatikisa kichwa.

"Poleni jameni. Kumbe hapa ni mawe hivi." Akatabasamu, mara ya kwanza tangu msiba. "Na mzee alimchimbia mathe hapa hapa, peke yake, na jembe tu, risasi zikilia. Sikuwahi kujua baba yangu alikuwa na nguvu hivi."

Opio alikuwa ndani ya shimo. Hakuinua kichwa.

"Alikuwa na nguvu, madam," akasema, akapiga sururu tena.