Magego Matatu ya Mukasine

Mukasine alitembea kwa miguu kutoka mtaa wa Gikondo mpaka kliniki ya meno ya Sonatubes, shali imefunika shavu la kulia. Madereva wa moto, pikipiki za abiria, walimwita, "Mama, panda twende!" Apande vipi? Kofia ya abiria ni lazima, na ikigusa shavu tu, umeme unapasua uso kutoka sikioni hadi mdomoni, anabaki kasimama kama aliyezabwa kofi hadharani.

Miaka miwili hanawi uso upande ule. Uji anaunywa kwa mrija. Na katika miaka hiyo Audace, daktari wa meno, keshamng'oa magego matatu, kila mara na maneno yale yale. Leo pia aliyasema.

"Nyinyi mafundi wa cherehani! Mnakata uzi na meno, halafu mnakuja kulia hapa. Sasa ni hili la nne. Fungua kinywa, mama."

Hakufungua. Mara ya kwanza alimwamini, akajilaumu, akanunua mkasi. Mara ya pili na ya tatu akamwamini tena. Safari hii alitoa kopo la vifungo mkobani, akalimimina mezani. Magego matatu, meupe, mazima.

"Nionyeshe tundu, muganga."

"Mama, nina wagonjwa nje..."

"Nionyeshe! Hili la Machi. Hili la Agosti. Hili la Pasaka. Lipi lilikuwa bovu?"

Umutoni, muuguzi, aliyageuza kwa kidole. "Daktari, haya hayana kitu." Akamgeukia Mukasine. "Upepo ukikupiga tu, inakuja kama umeme? Inaacha, inarudi?"

"Ee, mwanangu. Hivyo hivyo."

"Basi hiyo iko mshipa wa fahamu, mama. Si jino."

Audace aliandika karatasi ya kumpeleka hospitali, macho chini. Samahani hakusema. Kukemea alikuwa na maneno tele. Hilo moja lilimshinda.

Hospitalini Mukasine alipewa vidonge, akaonywa kuhusu kizunguzungu. Kweli kilikuja, mishono ya nguo ikaenda upogo. Lakini siku ya sita alinawa uso mzima. Umeme ulikuwapo, mbali, kama radi ya mtaa mwingine. Kwa furaha akatia kipande cha muhogo upande wa kulia, akauma. Ufizi mtupu.

Kopo liko kando ya cherehani hadi leo. Mteja akiingia kashika shavu, Mukasine hulifungua kwanza, amwonyeshe magego yale mazima, ndipo achukue vipimo.